Asetati: Kemikali ya siki inayoamua mafuta ya maziwa

Mpishi akimimina siki juu ya chembe za magadi, povu hufoka papo hapo. Povu hilo ni hewa ya kabonidayoksaidi ikitoroka. Likishatulia, kinachobaki majini si siki tena wala si magadi, bali ni chumvi iitwayo asetati ya sodiamu.

Hiyo ndiyo maana ya neno lenyewe. Asidi iliyomo katika siki, ambayo wanakemia huiita asidi ya asetiki, ikikutana na madini kama sodiamu huzaa chumvi. Ikiungana na alkoholi huzaa kitu cha aina nyingine, mara nyingi kimiminika chenye harufu kali au tamu. Mazao yote mawili huitwa asetati. Kwa hivyo asetati si kitu kimoja bali ni ukoo mzima, na wakazi wengi wa Nakuru huutumia kila siku bila kulijua jina lake.

Chumvi za jamii hiyo hutiwa katika krispi za viazi zenye ladha ya siki, na kwenye pakiti huandikwa E262. Gundi nyeupe ya maseremala ni polivinili asetati iliyochanganywa na maji. Maji yakikauka, hubaki utando unaoshika mbao. Ndiyo maana kiti kilichoungwa kwa gundi hiyo hulegea kikiachwa mvuani. Ifahamike kwamba hii si ile gundi ya viatu inayonuswa na watoto wa mitaani, ambayo madhara yake hutokana na vimumunyisho vingine vinavyogeuka mvuke. Nyuzi za kichungi cha sigara nazo ni selulosi asetati, sawa na fremu nyingi za miwani na filamu za sinema za zamani. Filamu hizo zikianza kuharibika hunuka siki, kana kwamba zinamrudia mzazi wao.

Hata hivyo, viwanda vingi zaidi vya asetati katika kaunti hii havina mabomba ya moshi. Vimo matumboni mwa ng'ombe wa Njoro, Molo, Bahati na Subukia.

Ng'ombe hana uwezo wa kuyeyusha nyuzi za nyasi kwa nguvu zake mwenyewe. Kazi hiyo hufanywa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi katika tumbo lake la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa huweza kubeba zaidi ya lita 100. Viumbe hivyo huchachusha nyasi na kutoa asidi za aina tatu kuu. Ng'ombe anapolishwa nyasi kwa wingi, asetati huwa kati ya asilimia 60 na 70 ya asidi hizo. Hupenya ukuta wa tumbo, ikaingia damuni na kufika kwenye kiwele, ambako hugeuzwa kuwa mafuta. Takriban nusu ya mafuta ya maziwa hutengenezwa kwenye kiwele kwa njia hii. Mengine huletwa na damu yakiwa tayari.

Asidi ya pili, propionati, huongezeka ng'ombe akilishwa nafaka. Hiyo hugeuzwa sukari, na sukari ndiyo huvuta maji na kuongeza wingi wa maziwa. Hapa ndipo mkulima hunaswa. Nyasi zinapoadimika wakati wa kiangazi, hujaza hori kwa chakula cha madukani. Kwa siku kadhaa ndoo hujaa naye hufurahi, lakini maziwa huwa mepesi, malai yake haba.

Kukosa malai si hasara pekee. Mate ya ng'ombe yana chumvi ya jamii ya magadi, nayo hutiririka kwa wingi anapocheua. Chumvi hiyo huzima uchachu tumboni, kama ilivyo katika sufuria ya mpishi. Asipopata nyasi ndefu za kutosha, au zikisagwa hadi zikawa kama unga, hucheua kidogo na uchachu hupanda. Ng'ombe huyo hukataa chakula, huharisha na baadaye huenda akachechemea kwa maumivu ya kwato. Uchachu ukizidi mno, hufa.

Wafugaji wa kwanza wa kibiashara bondeni hawakuweza kupuuza mafuta. Chama cha ushirika cha KCC kilipoanza Naivasha mwaka wa 1925, bidhaa kuu ilikuwa siagi. Leo wengi huuza kwa lita, na mfugaji huenda asijue malai yamepungua mpaka mnunuzi alalamike.

Ukoo huu una tawi jingine, la harufu. Ndizi mbivu hunukia vile kwa sababu ya isoamili asetati, na nyuki naye huitoa anapouma. Kwa nyuki wenzake hicho ni king'ora, na ndiyo sababu mwiba mmoja huleta kundi zima. Warina asali wa Baringo wanapopuliza moshi mzingani, moshi huo hufunika harufu ile.

Nondo wa viwavijeshi walioingia Kenya mwaka wa 2017 na kuvamia mahindi pia hutegemea asetati: jike humwita dume kwayo. Wanasayansi wameiiga harufu hiyo na kuitia katika mitego, ili mkulima ajue wadudu wamefika kabla mimea haijaliwa. Asetati za namna hiyo hutumika pia katika mashamba ya waridi ya Naivasha kumnasa nondo mwingine ambaye Umoja wa Ulaya haumtaki mipakani mwake, na ambaye kwa ajili yake masharti ya kuingiza waridi yalikazwa Aprili 2025. Mtego hunasa madume pekee. Majike yanayotaga mayai hubaki shambani, na mkulima hana budi kuendelea kukagua maua yake.