Kulala Juu ya Maji

Ni nani kati yenu asiyeijua mithali ya wazee, kwamba mfa maji haachi kutapatapa? Wazee wale waliishi kando ya maji, nao waliyasema waliyoyaona kwa macho yao. Mtu aangukaye kilindini hurusha mikono, hupiga maji kama apigaye nyoka, hukaza shingo ili aione nchi kavu. Na kwa bidii ile ile huzama upesi.

Sisi tulijifunza kuogelea tukiwa watu wazima tayari, na mwalimu wetu alikuwa mvuvi mzee wa pwani, mtu wa dini ya Kiislamu, ambaye hata leo twamkumbuka kwa heshima. Siku ya kwanza tulimeza maji ya chumvi ya kutosha kuunga mchuzi wa nyumba nzima. Mzee yule alitutazama kitambo, akatutia kiganja chake chini ya mgongo, akasema, “Mwalimu, usipigane nayo. Lala.” Tukajibu kwamba tukilala tutazama. Akasema, “Sasa hivi unazama, nawe hujalala.”

Neno lake lina sababu yake, wala si uchawi. Mwili wa mtu aliyejaza pumzi kifuani ni mwepesi kidogo kuliko maji ya kadiri ile ile. Baharini hubebwa vizuri zaidi, kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari, kwa ajili ya chumvi yake, hupita lita ya maji ya mto kwa uzito wa gramu 25 hivi. Lakini wepesi huo ni haba. Hautoshi kukiinua kichwa kizima juu ya maji. Kichwa cha mtu mzima chapata kilo 4 au 5. Kikilazwa majini, maji hukibeba; kikiinuliwa, uzito wake humrudia mwenyewe, miguu ikashuka, na mwili wote ukaifuata. Basi kile kile tukifanyacho ili tujiokoe ndicho kituzamishacho. Ilitupasa kulaza kisogo mpaka masikio yaingie majini, tusiione pwani, tusiisikie sauti ya mtu, tutazame juu tu. Jambo hilo dogo lilituchukua siku tatu.

Wala mtu asidhani kwamba kuogelea ni kulala tu bila kazi. Mwogeleaji hupiga mikono na miguu, hutoa pumzi ndani ya maji, kisha hugeuza uso upande kidogo ili avute nyingine, bila kuinua kichwa. Mwaka 1875 Mwingereza Matthew Webb alivuka kwa kuogelea mlangobahari ulioko kati ya Uingereza na Ufaransa, akakaa majini saa 21 na dakika 45. Alifanya kazi kubwa kweli. Lakini hakuna mtu awezaye kutapatapa saa 21. Alibebwa kwanza, kazi yake ilikuwa juu ya kubebwa huko.

Tulipokwisha kujifunza hayo tukaisoma upya habari ya Petro katika Mathayo, mlango wa 14, tukaona jambo tulilolipita mara nyingi. Petro alikuwa mvuvi wa ziwa lile lile. Katika Injili ya Yohana, mlango wa 21, twasoma kwamba alijitupa majini, mashua ikiwa mbali na nchi kavu kadiri ya dhiraa 200, yaani mita 90 hivi. Huyo si mgeni wa maji. Lakini usiku ule, alipouona upepo akaanza kuzama, hatusomi kwamba aliogelea. Twasoma kwamba alilia aokolewe. Twadhani, nasi si mabingwa wa Maandiko, kwamba hofu ilimnyang'anya hata ustadi wa ujana wake. Na tazameni utaratibu wa Bwana. Hakungoja Petro aamini sawasawa ndipo amshike. Alimshika mkono kwanza. Habari ya shaka yake akamwuliza baadaye, mkono ukiwa umekwisha kushikwa.

Tunaandika hayo kwa sababu ya mwalimu mmoja aliyetujia na habari iliyomlemea. Mama mmoja wa mtaa wake alifiwa na mtoto wake wa pekee kwa homa. Kabla matanga hayajaisha, Wakristo wenzake walimwambia, “Dada, ungaliamini kwa nguvu zaidi, mtoto angalipona.” Akaliweka neno hilo moyoni. Akafunga, akakesha, akalia usiku kucha atafute ile imani kubwa aliyoambiwa kwamba hanayo. Kisha akaacha kuja kanisani kabisa. Mwalimu akatuuliza, “Nimwambie nini?”

Wale waliosema naye tunaamini hawakutaka mabaya. Lakini walisimama ufuoni, wakampigia kelele mfa maji kwamba aongeze bidii. Wavuvi hawafanyi hivyo. Hata wajuao sana maji huogopa kumwendea mfa maji kwa mikono mitupu, maana atawakumbatia wazame wote. Humtupia kamba, au upondo, au dumu tupu lililozibwa, apate kitu cha kushika. (Nanyi wazazi mkaao karibu na maji, wafundisheni watoto jambo hili hili, wasirukie mwenzao azamaye.)

Tukamsomea mwalimu Matendo ya Mitume, mlango wa 27. Merikebu ya Paulo ilivunjika karibu na Malta, nayo ilikuwa na watu 276. Akida aliamuru wajuao kuogelea wajitupe kwanza. Waliosalia, wasiojua hata kidogo, wakafuata juu ya mbao na juu ya vipande vya merikebu. Luka hatuambii ni wangapi walioogelea na wangapi walioshika mbao. Atuambia tu kwamba wote walifika nchi kavu salama. Hatusomi kwamba pale ufuoni aliyeogelea alimcheka aliyekuja na ubao.

Mwalimu alikaa kimya kwa muda, kisha akaomba ruhusa ya kwenda zake kabla ya giza.

Tulipata barua yake baada ya majuma matatu. Alikwenda kwa mama yule pamoja na mkewe, wakachukua unga na kuni. Hawakusema lolote juu ya imani. Mwalimu aliomba sala fupi, naye mama hakuitikia. Tangu siku ile mke wa mwalimu alimpitia kila jioni waende kisimani pamoja. Jumapili ya tatu mama alikuja kanisani, akaketi nyuma karibu na mlango. Wimbo ulipoanza hakuimba. Mke wa mwalimu akaondoka mahali pake pa siku zote, akaenda kuketi naye.