Wanataka seva ya michezo? Usipumbazwe na taa za rangi

MWANAO akija na wenzake kukwambia kuwa wanachanga pesa ili wanunue "seva", usiwafukuze, msomaji. Wala usifungue mfuko kabla ya kujua wanachotaka.

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuendesha mchezo ili watu wengi waucheze pamoja, kila mmoja akiwa na mashine yake. Nani amejenga nyumba, nani amebomoa ukuta, yote huamuliwa hapo. Ikizimika, mchezo wa wote umekwisha.

Usidhani huu ni upuzi mtupu. Mnamo 2012, UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu huko Gigiri, lilianza kushirikiana na Mojang, watengenezaji wa mchezo wa Minecraft, katika mradi wa Block by Block. Uwanja wa Silanga, Kibera, ni miongoni mwa maeneo yaliyochorewa mipango kwa matofali ya mchezo huo.

Sasa twende dukani. Kinachomeza pesa nyingi bure ni kadi ya picha. Seva haichori picha. Hizo huchorwa na mashine ya kila mchezaji. Ikishatayarishwa, hata skrini haihitaji. Kwa hivyo muuzaji wa Luthuli Avenue akikuonyesha kompyuta yenye taa za rangi na kadi ghali, mshukuru uende zako.

Angalia mambo manne. Kwanza, prosesa. Seva ya Minecraft hupiga hesabu za ulimwengu wake mara 20 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kiini kimoja tu cha prosesa. Viini vinane vya polepole havifui dafu mbele ya vinne vyenye kasi.

Pili, RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Kwa watoto sita au wanane, gigabaiti 4 zilizotengewa mchezo zinatosha, hivyo tafuta mashine yenye gigabaiti 8. Tatu, diski iwe ya SSD, kwani ile ya zamani inayozunguka hukwamisha mchezo wachezaji wanapoingia maeneo mapya. Nne, unganisha seva na ruta kwa waya. Wi-Fi waachie wachezaji.

Kisha kuna stima. Mashine ya mezani inayokula wati 60 usiku na mchana humaliza takriban yuniti 43 za tokeni kwa mwezi. Laptopu inayokula wati 15 humaliza 11 hivi. Tena laptopu ina betri, kwa hivyo stima ikipotea ghafla mchezo hauharibiki kabla ya kuhifadhiwa. Laptopu iliyotumika, hata yenye kioo kilichopasuka, inaweza kuwafaa sana vijana hawa, na bei yake huwa nafuu kwa sababu ya kioo hicho.

Lakini iwashe papo hapo dukani, uiache ifanye kazi kwa muda, kisha uchomoe waya uone kama betri inashika. Betri iliyovimba usiipeleke nyumbani. Inaweza kuwaka moto, na katika mitaa ya mabati yaliyobanana moto haubishi hodi kwa jirani. Dai risiti yenye nambari ya mashine. Bei ya kutupa mara nyingi ni dalili ya mali ya wizi, na kuinunua ukijua hivyo ni kosa la jinai.

Nyumbani iweke juu ya rafu, mbali na mabati yenye joto na paa linalovuja, na uipanguse vumbi mara kwa mara.

Swali la mwisho ndilo zito: watacheza na nani? Wakiwa wote katika ploti moja, ruta tu inatosha, bila bando. Lakini wa Kibera akitaka kucheza na binamu yake wa Kawangware, lazima binamu aifikie seva kupitia intaneti. Kampuni nyingi za intaneti huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, na hapo seva yako haifikiki kwa njia ya kawaida. Uliza kampuni yako kama inatoa anwani ya umma, na kwa bei gani, kabla ya kununua chochote. Seva ya kukodi iliyoko Ulaya ni njia nyingine, ila ujumbe huchukua zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, na wachezaji wa mbio watalalamika.

Basi anza na ulicho nacho. Programu ya seva ya Minecraft hutolewa bure na Mojang, ingawa kila mchezaji lazima awe na akaunti aliyoilipia. Luanti, iliyoitwa Minetest hadi 2024, ni ya bure kabisa. Vijana waijaribu kwa kompyuta yoyote iliyopo. Wakidumu mwezi mzima bila kuuchoka mchezo wala kugombana, hapo mchango wao utakuwa na maana.