Bunduki Haiwazi, Awazaye ni Askari

Wahenga walinena kwamba akili ni mali. Lakini mali isiyotunzwa huliwa na mchwa, na akili isiyozoezwa kuwaza huingia kutu kama bunduki iliyoachwa nje wakati wa masika. Askari huisafisha bunduki yake, akaukagua mtutu, akaipaka mafuta, hata kama hana hakika kwamba ataitumia siku hiyo. Je, ni wangapi kati ya ndugu zetu walio kambini na vituoni wanaoutunza uwezo wao wa kuwaza kwa bidii kama hiyo?

Tusemapo kuwaza, hatuna maana ya kuota ndoto za mchana. Kuwaza tunakokusudia ni kuliona kwa jicho la moyo jambo ambalo bado halijawapo, kisha kuitafuta njia ya kulileta. Kila aliyepitia mafunzo anaijua ramani ya mchanga. Kijiti huwa msitu, kokoto huwa nyumba, uzi huwa mto. Watu wazima wenye vyeo huchuchumaa kuizunguka, na hakuna anayecheka, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba kosa lililotendeka juu ya mchanga halimwagi damu ya mtu. Swali letu ni hili: kwa nini ufundi huo mwema ufutwe kwa mguu mara zoezi linapokwisha?

Historia ya askari wa Afrika Mashariki inatufundisha mengi katika jambo hili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw huko Burma, katikati ya mvua na matope, na mwezi Desemba ikafika Kalewa. Askari hao walikwenda wakiwa raia wa makoloni. Wengi walirudi wakiwa na picha nyingine ya nchi zao vichwani mwao. Mmoja wa askari wa zama hizo, Robert Kakembo wa Uganda, alieleza hali ya askari Mwafrika na matumaini yake katika kitabu kidogo cha Kiingereza, An African Soldier Speaks, kilichochapishwa mwaka 1946. Mwingine, Waruhiu Itote wa Kenya, koplo katika King's African Rifles, amesimulia katika kitabu chake cha mwaka 1967 jinsi askari mmoja Mwingereza huko Burma alivyomwuliza yeye anapigania nini, hali Mwingereza anapigania nchi yake mwenyewe. Swali hilo halikumwacha. Baadaye aliingia msituni, akajulikana kwa jina la Jenerali China. Na Kenya ilipokwisha pata uhuru, alishiriki katika kazi ya kuwalea vijana wa Huduma ya Taifa. Huo ndio uzito wa swali moja likimkuta mtu ambaye hajaifunga milango ya fikira zake.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya askari ni kutii amri, wala si kuwaza. Sisi hatukubali. Amri humwambia mtu afike ng'ambo ya mto. Haimwambii kila jiwe la kukanyaga. Na tena, ukweli ni kwamba hakuna mtu asiyewaza. Asiyejizoeza kuwaza vema, hofu humwazia. Konstebo aliye peke yake usiku akiona mtu anakuja na kitu kirefu begani, hofu humwambia mara moja kwamba ni bunduki. Lakini aliyezoeza fikira zake huwa na picha tatu au nne kwa wakati mmoja: huenda ni mwizi, huenda ni mkulima na jembe lake, huenda ni baba amtafutiaye mkewe mkunga. Hujikinga mahali salama, huita kwa sauti, hungoja jibu. Kati ya picha moja na picha nne pana uhai wa mtu, na pana usingizi wa askari huyo kwa miaka yote iliyobaki.

Basi uwezo huu hulelewaje? Haudai fedha wala ruhusa ya wakubwa.

Njia ya kwanza ni ile ya bibi zetu: hadithi na vitendawili. Jioni, kazi ikiisha, kikundi cha askari wa makabila mbalimbali wanaweza kutegana vitendawili kwa Kiswahili, lugha iliyowaunganisha majeshini kwa vizazi vingi. Kitendawili humlazimisha mtu kukiona kitu kimoja kwa sura ya kingine.

Njia ya pili ni kubadilishana viti. Katika kituo cha polisi, askari mmoja na awe mama aliyeibiwa mbuzi, mwingine awe nyuma ya meza. Aliyewahi kungojeshwa tangu asubuhi, japo kwa mchezo, hatamfukuza mzee wa watu kwa neno kali. Hali kadhalika kwa askari aliye ugenini. Mwezi Oktoba 2014 majeshi ya Umoja wa Afrika, pamoja na yale ya Somalia, yaliingia Barawa, mji ambao wenyeji wake wa asili husema Chimbalazi, tawi la Kiswahili hiki hiki tukiandikacho. Anayejua hivyo humwona jirani pale ambapo mwingine humwona mgeni tu.

Njia ya tatu ni daftari dogo mfukoni. Kila siku andika jambo moja lililokwenda vibaya, na chini yake uandike: lingaliwezaje kwenda vingine?

Njia ya nne inahusu nyumba ya askari mwenyewe. Tunawajua wastaafu wawili waliotoka kazini mwaka mmoja, kwa cheo kimoja. Wa kwanza alipokea kiinua mgongo chake, na kabla mwaka haujaisha hakikubaki kitu. Hakuwa mlevi wala mpumbavu. Kwa miaka ishirini na zaidi tarumbeta ilimwamsha, orodha ya zamu ikamwambia aende wapi, na kesho yake ikawaziwa na wengine. Siku alipoachwa nayo peke yake, hakujua pa kuishika. Wa pili, kila alipopata likizo, alichuchumaa uani pamoja na watoto wake, akachora kiwanja chao juu ya udongo: hapa kisima, hapa migomba, hapa chumba cha cherehani ya mama. Watoto walibishana, wakahamisha kisima, wakafuta, wakachora tena. Miaka sita kabla ya kustaafu migomba ya kwanza ilikuwa imekwisha zaa. Ramani ya mchanga aliyofunzwa kwa ajili ya vita ilimjengea amani.

Ndugu askari, taifa hubadilika kwa namna hiyo hiyo, nyumba kwa nyumba, kituo kwa kituo. Leo jioni, ukiisha kuisafisha bunduki yako na kuirudisha ghalani, okota kijiti, chuchumaa, uwaite walio karibu nawe, mwanze kuchora.