Kwa nini mgonjwa wa figo hupungukiwa na damu

Wengi hudhani kazi ya figo ni kuchuja uchafu tu. La hasha! Figo ndizo hutoa erithropoietini, homoni inayouchochea uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Zinapodhoofika, mgonjwa hupungukiwa na damu hata akila vyema.

Chimbuko hilo lilibainishwa mwaka wa 1957 na Eugene Goldwasser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Kuitenga homoni yenyewe kulihitaji miaka 20 zaidi. Malighafi, ajabu, ilikuwa mkojo: lita 2,550 zilizokusanywa Japani na Takaji Miyake kutoka kwa wagonjwa ambao uboho wao umekwisha nguvu, ilhali figo zao huzidi kuimwaga homoni hiyo bila kuitikiwa.

Goldwasser alifaulu mwaka wa 1977. Dawa iliyotokana na kazi hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1989, na wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine wakapunguziwa adha ya kuongezewa damu kila mara.

Hata hivyo, si dawa ya kutumiwa kiholela. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha kuwa kuipandisha mno himoglobini ya mgonjwa wa figo huzidisha hatari ya matatizo ya moyo na kifo. Ndiposa daktari huipima damu kwanza, kisha akaamua kiasi cha dawa.