Kupimwa kilo mbele ya mashindano ya vyuma: kwa nini kujikausha kunaondoa nguvu

Siku mbili mbele ya mashindano, kijana anakimbia kwa jua kali akivaa majaketi mawili na mfuko wa plastiki ndani. Maji hanywi, mate anatema. Anataka kupoteza kilo 3 juu aingie katika daraja ya chini. Katika sale nyingi za mazoezi wanasema ni kawaida. Lakini kwa mchezo wa kuinua vyuma, ule unaoitwa kwa Kifaransa force athlétique, hesabu hiyo mara nyingi inaharibika.

Masaa 2 tu

Kwa sheria za shirikisho la dunia, IPF, kupima kunaanza masaa 2 mbele ya kundi kuingia uwanjani, na kunachukua dakika 90. Mwenye kuzidisha kilo anaweza kurudi kwenye mizani mbele dakika hizo ziishe. Zikiisha, ametoka. Mabondia wa kulipwa wanapimwaka siku moja mbele, wanapata usiku wa kula na kunywa. Mwinua vyuma hana usiku ule.

Kilo 3 zinazopotea kwa siku mbili ni maji zaidi, si mafuta. Damu inapunguka, moyo unapiga mbio, misuli inakakamaa, kichwa kinazunguka. Na mutu huyo ataweka chuma nzito mabegani! Mwishoni mwa 1997, Marekani, wanafunzi 3 wa chuo kikuu waliokuwa wanacheza mieleka walikufa katika muda wa karibu mwezi mmoja, wakijikausha ili wafikishe kilo. Kisha hapo sheria zao zikabadilishwa.

Dawa za kukojoza nazo ni hatari kwa figo na moyo, na zimekatazwa katika michezo. Kwetu, fasi kuharisha na kolera vinarudi mara kwa mara, mutu aliyeharisha siku za karibu asijikaushe hata kidogo.

Daraja inachaguliwa mapema

Mwanaume wa kilo 76 yuko kati ya daraja ya 74 na ya 83. Akitaka 74, apunguze chakula polepole kwa wiki nyingi, huku akiangalia kama nguvu inabaki. Kama ni mashindano yake ya kwanza, afazali abaki na kilo zake. Ni kweli, wawili wakilingana kwa jumla, mwepesi ndiye anashinda. Lakini chuma moja iliyomshinda juu ya kizunguzungu inapoteza zaidi ya hapo.

Siku mbili za mwisho, apunguze chumvi, sombe na maharagi, juu vinakaa sana tumboni. Ale wali kidogo, mkate, mayai. Maji aendelee kunywa. Anayesafiri kwa boti kati ya Bukavu na Goma abebe maji safi na chakula chake, asitegemee kupata njiani.

Kwenye mizani

Aende na kitambulisho, na ajue tayari kilo za kuanza kwa kila namna tatu: kuchuchumaa, kusukuma kwenye benchi, na kuinua toka chini. Zinaandikwa palepale. Chuma ya kwanza iwe ile anaweza hata siku ya uchovu, juu akishaikosa hairuhusiwe kushusha kilo.

Akishuka kwenye mizani, anywe kidogo kidogo. Maji safi litre 1, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi vinasaidia. Kisha ndizi, mkate ao wali; fufu ya kushiba na nyama ya mafuta vingoje jioni.

Mwenye kukojoa mkojo mweusi, kuchanganyikiwa ao kuanguka asipande uwanjani. Wenzake wamupeleke haraka kituo cha afya. Mashindano mengine yatakuja.