Namna hamira ilivyosaidia kufichua njia ya Ebola

KISANGANI – Hamira inajulikana kwa kazi mbili: kuumua mkate na kuchachusha pombe. Wachache wanajua kwamba imewasaidia pia wanasayansi kuelewa namna virusi vya Ebola vinavyopenya ndani ya seli za binadamu.

Kwa wakaaji wa Tshopo, jambo hilo si la mbali. Yambuku, ambako Ebola ilitambuliwa nchini mwaka 1976, iko katika jimbo jirani la Mongala. Mwezi wa tano 2017 ugonjwa ulitangazwa Likati, katika jimbo jirani la Bas-Uele: watu 8 waliugua, 4 wakafariki.

Ndani ya seli, kila protini hutumwa mahali pake, kama mizigo inayoshushwa bandarini Kisangani na kugawanywa: huu Mangobo, ule Kabondo. Katika miaka ya 1980, watafiti nchini Marekani walichunguza hamira zilizoshindwa kazi hiyo. Protini iliyopaswa kufika kwenye vakuoli, mfuko ambamo seli huvunjavunja takataka, ilitupwa nje. Ndivyo zilivyojulikana jeni za VPS. Mojawapo ni VPS33: ikikosekana, hamira haijengi vakuoli ya kawaida.

Binadamu naye ana jeni ya namna hiyo, VPS33A. Mwaka 2011, watafiti waliharibu jeni mbalimbali katika seli za binadamu, kisha wakaziambukiza virusi vilivyovishwa protini ya Ebola. Kati ya seli zilizopona, kulikuwa na zilizokosa VPS33A na zilizokosa jeni nyingine, NPC1. Maelezo ni haya: seli humeza kirusi, nacho hubebwa kwa njia ileile ya mizigo hadi ndani, ambako hushikamana na protini ya NPC1 kama ufunguo katika kufuli. Njia ikikatika, kirusi hakifiki.

Dawa ya mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, hufunika ufunguo huo. Ilijaribiwa mashariki mwa Kongo kuanzia Novemba 2018, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa miongoni mwa viongozi wa utafiti. Kati ya wagonjwa 100 walioipata, karibu 35 walifariki. Kwa wale wenye virusi vichache damuni, walifariki karibu 10 tu.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba kila siku ya kuchelewa kufika hospitalini iliongeza hatari ya kufa. Dawa ipo, lakini inamfaa zaidi mgonjwa anayewahi.