Dari Chini ya Bati

Alalaye Litembo mwezi wa Julai, kisha akateremka Mbamba Bay juma lilo hilo, hukutana na tabia mbili za nchi zilizo mbalimbali kabisa, kwa maana uso wa Ziwa Nyasa, iliko Mbamba Bay, uko takriban mita 475 juu ya bahari, ilhali milima ya Umatengo, iliko Litembo, hupita mita 1,500, na kwa kila mita 1,000 apandazo mtu hewa hupungua joto kiasi cha digrii 6. Hata hivyo nyumba kongwe za matofali mabichi, za huku na za kule, aghalabu zina ila moja, nayo haimo ukutani, imo paani.

Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 ni wa kuheshimiwa, kwani hari ya mchana huchukua muda wa saa 8 hadi 10 kuupenya. Juu yake wazee waliezeka nyasi nene, na hewa iliyonaswa baina ya mabua ikazuia joto kupita. Nasi tukaziondoa nyasi kwa sababu za haki, yaani moto, mchwa na taabu ya kuezeka upya, tukaweka bati lisilofika unene wa milimita moja, ambalo halizuii kitu ila mvua. Mchana bati la Liuli, mwambaoni mwa ziwa, huchoma mkono, na hari yake yote hushuka chumbani. Usiku wa kipupwe bati la Mbinga, kule milimani, hupoteza joto lake chini ya mbingu isiyo na wingu hata likawa baridi kuliko hewa yenyewe, na pumzi za waliolala zikageuka matone yanayodondoka alfajiri juu ya blanketi. Na mwenye nyumba, akidhani bati limetoboka, hununua lami bure.

Dawa ni dari, na si lazima iwe ya gharama: mianzi iliyopasuliwa au matete, yakafungwa barabara chini ya kenchi na kukandikwa udongo mwepesi uliochanganywa na majani makavu, yatosha. Mwambaoni, uwazi ulio kati ya dari na bati uachiwe matundu pande mbili, yenye wavu wa kuzuia popo, ili upepo wa ziwani uichukue hari kabla haijashuka.

Ukuta wenyewe usipigwe lipu ya saruji, kwani saruji hufungia unyevu ndani, na udongo uliolowa hupitisha joto upesi, kisha lipu yenyewe hubanduka mapande kwa mapande. Upakwe udongo na mchanga, na juu yake chokaa, ambayo weupe wake hurudisha jua.

Milimani mianya ya juu ya ukuta izibwe, isipokuwa njia ya moshi jikoni. Lakini nyumba ikishazibwa hivyo, nanasihi kwa moyo wote kwamba jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata baridi iwe kali namna gani, kwa kuwa hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia.